Kadi ya Yuster

Izigo, Muleba
Jumapili, 9 Machi 2025

Mjukuu wangu Mutembei,

Nimeamka, nimetoka misa, nimekula. Salamu zimeisha, sasa nikuseme.

Wale wanafunzi wako watano walifika jana. Uliniambia wanajifunza kutengeneza programu za kompyuta, na kwamba watakitengenezea kikundi chetu cha Tweyambe programu ya simu, ili mnyauko ukiingia kwenye migomba ya kibanja cha mtu tujue mapema kabla migomba ya jirani haijakauka. Nikasema vizuri. Mimi ndiye mwenyekiti, nyumba arobaini na tatu zinaningoja niseme, na ugonjwa huo umetusumbua miaka. Kwa hiyo nilipika. Ndizi, maharage, na dagaa walioletwa kutoka visiwani.

Waitu, hawakula! Walisimama uani kwangu wakatengeneza duara, kila mmoja akasema jana alifanya nini, leo atafanya nini, na nini kinamzuia. Chakula kinapoa. Kiongozi wao, huyo Ildefons mwenye viatu vyeupe, akasema yeye hakuna kinachomzuia. Nikamwambia, nyuma yako kuna mavi ya ng'ombe, yatakuzuia. Hakusikiliza, akarudi hatua moja. Viatu vyeupe vikaishia hapo.

Kisha wakabandika vikaratasi vya rangi kwenye ukuta wangu niliopaka chokaa juzi. Safu tatu: Bado. Inafanyika. Imekwisha. Eti kazi ikisogea, karatasi nayo inasogea. Hayo ndiyo uliyosomea miaka yote hiyo? Mimi darasani sikuingia hata siku moja, herufi nilifundishwa na babu yako kwa mkaa kwenye mlango wa ghala, lakini kazi iliyokwisha naiona kwa macho. Sihitaji karatasi ya njano inipigie mbiu.

Aliyeuliza cha maana ni mmoja tu. Yule binti wa Ijumbi, Yuster, mwembamba, asiyesema. Aliuliza, "Bibi, nikikata mgomba mgonjwa kwa panga hili, halafu nikakata mzima, inakuwaje?" Nikamwambia unakuwa umeuambukiza kwa mkono wako mwenyewe, panga lipite motoni kwanza. Akaandika. Wenzake walikuwa wanajipiga picha na mkungu.

Usinipigie simu kunijibu. Kwenye simu unasema "ndiyo bibi, ndiyo bibi" huku nasikia unabonyezabonyeza mambo mengine. Barua utaisoma mpaka mwisho, maana hujui nilikokutukana ni wapi. Revocatus wa bodaboda anakuletea hii pamoja na mkungu. Kula, umekonda.

Bibi yako,
Paskazia


Hamugembe, Bukoba
14 Machi 2025

Shikamoo Bibi,

Mkungu umefika, na matusi nimeyaona yote.

Nakuomba uelewe hili duara kabla hujalicheka. Wanafunzi wetu wanafika mwaka wa tatu wakijua kitu kimoja: kujificha. Ukiwapa kazi ya watu watano, mmoja anaifanya usiku kucha, wanne wanaandika majina juu yake. Wote wanapata alama sawa, kisha wanaajiriwa, na waajiri wanatuuliza tumewafundisha nini. Ndiyo maana natumia njia hii. Kazi inakatwa vipande vidogo, kila wiki mbili lazima kiwepo kitu mteja anaweza kukishika na kukisema. Wanasimama ili kikao kiwe kifupi. Wanasema kinachowazuia ili wenzao wawasaidie. Kadi ziko ukutani ili asiwepo wa kujificha.

Na alama zinafuata kadi. Kadi yako ikifika "Imekwisha" unahesabiwa. Isipofika, sifuri. Mwishoni kila mmoja anawapima wenzake kwa siri. Kozi hii usipoifaulu, unarudia mwaka. Nimekuwa mkali kwa makusudi. Wengi wao ni wavivu, Bibi, wavivu wenye maneno mazuri.

Huyo Yuster unayemsifu ndiye ananitia wasiwasi. Anasimama kwenye duara kama kisiki. Ujuzi anao, lakini kazi ya timu ni kinywa pia.

Nakuomba jambo moja tu. Programu ikianza kufanya kazi, waambie akina mama waitumie. Atakayeona mgomba mgonjwa abonyeze, apige picha. Ramani itaonyesha alama nyekundu na jina la mwenye kibanja, na nyumba zote arobaini na tatu zitaona. Hapo hakuna kuficha.

Mjukuu wako,
Mutembei


Izigo
30 Machi 2025

Mutembei,

Programu imefika. Nyumba isiyo na simu ya kugusa imeazima ya mtoto au ya mkwe. Edvina wa kikundini ameshika yake juu chini kanisani mpaka mahubiri yakaisha. Nimewaambia wabonyeze, kama ulivyotaka. Hakuna aliyebonyeza, maana hakuna kitu. Migomba yetu ni mizima. Andika hivyo kwenye vikaratasi vyako.

Jana alikuja yule Yuster, peke yake. Hakutumwa na mtu, alishuka barabarani akapanda kwa miguu. Ulisema ni kisiki, mimi nakwambia ni mpekuzi. Nimempa chai, hakai. Anataka kutembea kibanjani. Nimemwambia nyuma ya nyumba usiende, huko ni kwenye makaburi, babu yako amelala huko. Hasikii. Mtoto aliyelelewa hawezi kuzunguka nyumba ya mtu mzima kama anatafuta mbuzi aliyeibwa. Nimemrudisha kabla ya saa sita.

Usimwache aje tena peke yake. Waambie waje watano, au wasije kabisa.

Na ule mkungu uliosema umefika, Revocatus ananiambia uliugawa kwa wapangaji. Unajifanya mkarimu na tumbo tupu. Umerithi upumbavu wa baba yako.

Paskazia


Hamugembe
17 Aprili 2025

Shikamoo Bibi,

Nakuandikia kwa furaha, na wewe utaikuta dosari, najua.

Majaribio yamekwisha. Nyumba arobaini na tatu, wiki tatu, hakuna taarifa ya mgonjwa hata moja. Timu ya Ildefons iliwasilisha mbele ya wakuu wa idara, ramani yote kijani. Watu wakapiga makofi. Kadi ishirini na sita zimefika "Imekwisha".

Imebaki moja, ya Yuster. Kadi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kinachoonekana kwenye simu ndicho kilichopo shambani. Siku ya mwisho akakataa kuisogeza. Alisimama mbele ya wenzake akasema, "Ramani hii si kweli." Nikamuuliza, umeona nini? Kimya. Umeona kwa nani? Kimya. Ildefons akamwambia, "Sema basi, au unatuonea wivu?" Akasema ameahidi mtu. Nani, hasemi. Ameahidi nini, hasemi. Nimemwita ofisini mara mbili. Anaangalia sakafu.

Wenzake wote wanne wamempima sifuri. Na mimi, kwa kanuni niliyoiandika mwenyewe, nampa sifuri. Atarudia mwaka, ila hawezi, kwa sababu anasomeshwa na parokia yao, na parokia haimsomeshi anayerudia. Atarudi Ijumbi kulima. Inasikitisha, lakini timu haiwezi kumbeba mtu anayeitukana kazi ya wenzake kisha anafunga mdomo. Afadhali hata mvivu, ukimuuliza anajibu.

Pasaka njema, Bibi. Nitashindwa kuja, nasahihisha.

Mutembei


Izigo
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Mutembei,

Mpe alama huyo binti.

Nimekuambia. Wewe ni mwalimu, kalamu iko mkononi mwako, si mkononi mwa yule mwenye viatu. Mtu akinyamaza, huenda ana sababu. Babu yako alinyamaza mwaka mzima alipouziwa ng'ombe tasa, na hakuna aliyemfukuza.

Unajisifu kwa kijani. Wenzako wamekupigia makofi kwa sababu ya rangi! Rangi! Ulishuka hapa wewe? Uliingia kwenye kibanja cha nani? Tangu Januari hujakanyaga Izigo, unakaa Hamugembe unasoma afya ya migomba yetu kwenye kioo.

Mpe alama, yaishe. Sina zaidi.

Paskazia


Hamugembe
25 Aprili 2025

Shikamoo Bibi,

Siwezi kutoa alama kwa huruma. Nikimpa Yuster bila sababu, lazima nieleze timu nyingine sita kwa nini kanuni inavunjwa. Akileta ushahidi kwamba ramani ni ya uongo, nitasikiliza. Bila ushahidi, sifuri inabaki, na matokeo nayapeleka idarani tarehe 9 Mei.

Na samahani, Bibi, kwa heshima zote: mambo ya kufundisha niachie. Mimi sikufundishi kulima.

Mutembei


Izigo
2 Mei 2025

Mutembei,

Ushahidi ni mimi.

Keti chini. Usisome hii umesimama na vikaratasi vyako.

Ile Jumamosi ya mwezi wa tatu sikukwambia yote. Yuster alizunguka nyumba, ndiyo. Alifika kwenye kaburi la babu yako. Pale kuna migomba sita ya aina ya nkonjwa, ile aliyoipanda marehemu mwenyewe mwaka uliozaliwa wewe. Yuster akasimama. Mimi namwona kutoka jikoni. Mikungu ilikuwa michanga, lakini ndizi tatu nne zimeshakuwa njano, nusu nusu, na majani yamelala. Akaomba panga. Akakata ndizi moja, ndani kweusi kama vile mtu ameipiga ngumi. Akakata shina, yakatoka maji mazito ya njano, kama usaha. Akanitazama. Hakusema, "Bibi, ulijua?" Angesema ningempiga. Nilijua tangu Februari.

Sasa nikwambie kwa nini. Miaka miwili iliyopita mnyauko uliingia kwa Benigna, jirani yangu wa chini, mjane. Alificha. Mimi kama mwenyekiti niliingiza wanawake thelathini kwenye kibanja chake, tukaangusha migomba yote, mpaka ile ya mlangoni, na wakati tunakata nilimsema. Nilisema kwa sauti kwamba ugonjwa huja kwa mwanamke mchafu asiyepitisha panga motoni. Nilisema mbele ya wakwe zake. Alilia, mimi nikaendelea kusema. Tangu siku hiyo hajaketi kwenye benchi langu kanisani.

Halafu wewe unaniletea simu yenye jina langu jekundu, ambalo Benigna atalisoma kabla hajanawa uso. Ningebonyeza? Wewe ungebonyeza?

Kwa hiyo nilichukua rozari yangu, nikaiweka kwenye kiganja cha yule mtoto, nikamwambia apa. Apa kwamba hutamwambia mtu yeyote, hasa mjukuu wangu. Aliapa, maana ni mtoto aliyelelewa. Nilikuandikia kwamba hakulelewa. Huo ulikuwa uongo wa pili. Na Pasaka, nilipojua anafukuzwa kwa ajili ya kinywa changu, nilikuandikia kijibarua cha kujificha nyuma ya mlango. Huo wa tatu. Nimekula Pasaka, nimekula na kesho yake. Umewadharau wanafunzi wako kwa kujificha? Njoo unidharau mimi kwanza, niko hapa, sikimbii.

Wiki hii nimepita nyumba kwa nyumba. Sikuuliza, niliingia nikasema, "Kwangu ni sita. Kwako ni mingapi?" Edvina alikaa chini akajishika kichwa: minne. Rose: mmoja, ameufunika majani makavu. Kwa mke wa Boniface ni tisa. Nyumba kumi na saba kati ya arobaini na tatu, Mutembei. Ramani yako ya kijani ni majani yaliyofunika maiti.

Na sasa nikufundishe, maana ulisema nikuachie. Unawasimamisha watu kwenye duara unawauliza, nini kinakuzuia. Wakati mwingine kinachomzuia mtu kimesimama naye kwenye duara hilo hilo! Atakwambiaje? Yuster alizuiwa na bibi wa mwalimu wake. Angelitaja hilo mbele ya Ildefons? Ukaona kimya, ukakipa sifuri. Wewe ulipokuwa na miaka minane ukaacha kula, nilikuuliza mbele ya watu? Nilikupeleka kuchota maji, njia nzima sikusema, mpaka ukasema mwenyewe kwamba mwalimu anakupiga. Uliyasahau hayo ukaenda kuokota vikaratasi.

Mwambie Yuster nimemfungua kiapo chake. Nimemweleza padre, amesema kiapo cha kulazimishwa na kikongwe kwa ajili ya migomba hakimfungi mtu, na mimi amenipa toba ninayoistahili. Barua hii ipeleke idarani kama ilivyo, na matusi yake. Jumamosi ya tarehe 17 tunaangusha migomba, tunaanza kwangu. Walete wote watano na mapanga.

Ukichelewa tarehe 9, usinizike.

Paskazia


Hamugembe
10 Mei 2025

Shikamoo Bibi,

Niliisoma nimeketi.

Nilimwita Yuster siku ile ile, si ofisini. Tulitembea mpaka ufukweni, nami nikajitahidi kunyamaza. Ni vigumu kuliko kufundisha. Tulipofika kwenye mitumbwi nikampa barua yako. Aliisoma mara mbili, akauliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo naruhusiwa kusema?" Kisha akatoa daftari. Alikuwa ameandika kila kibanja alichokuta mnyauko alipopita bila kuambiwa, vinane, na tarehe, bila majina. Angeweza kunitupia daftari hilo usoni tangu Aprili, lakini kibanja cha kwanza ndani yake kilikuwa kile chenye kaburi la Babu, na alijua ningekitambua hata bila jina.

Jana nilisimama mbele ya idara. Mkuu wangu alisema alama zikishatangazwa kwa wanafunzi hazibadilishwi, isipokuwa mwalimu akiandika kwamba kosa ni lake. Nikaandika. Niliandika kwamba nilipima kusogea kwa kadi badala ya ukweli wa kazi, na kwamba mtu pekee aliyefanya kilichoandikwa kwenye kadi yake ndiye niliyempa sifuri. Barua yako nayo niliisoma kwa sauti. Kwenye maneno ya majani na maiti watu walicheka, kisha wakaacha kucheka.

Yuster amefaulu. Kozi ya mradi nimenyang'anywa kwa mwaka ujao, nitakaa pembeni nikimsaidia mwenzangu. Ni haki.

Ildefons alisema, "Lakini mwalimu, ramani ilifanya kazi vizuri." Nikaona nafsi yangu imevaa viatu vyeupe.

Tutakuja wote.

Mutembei


Izigo
Jumapili, 18 Mei 2025

Mjukuu wangu,

Jana uliondoka mapema na wale wanne kuwahi gari, hukuona mwisho. Nakuandikia mwisho.

Uliona Benigna alivyofika wa kwanza, na panga lake, na makaa kwenye kopo. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua atasema, na nilijua nitanyamaza asemapo. Hakusema. Alipitisha panga motoni, akaenda moja kwa moja kwenye migomba ya babu yako, akakata wa kwanza chini kabisa, akarudi motoni, akakata wa pili. Mpaka wa sita. Kila mara motoni. Alitaka nione kwamba anajua kulipitisha panga motoni, na kwamba alijua siku zote. Nimeona. Ningependa angenitukana.

Ulipoondoka Yuster alibaki kupanga mambo ya programu na akina mama. Wameafikiana hivi, sikutia neno: ukiona ugonjwa, unabonyeza, na taarifa inakwenda kwa mtu mmoja tu, bila rangi, bila ramani. Mtu huyo anakuja kwako peke yake, mnazungumza, mnakata. Jina linabaki ndani ya nyumba. Yuster akauliza, mtu huyo awe nani? Wakamchagua Benigna. Mimi nilipata kura mbili, moja ni yangu.

Halafu nikasimama. Nikawaambia wanawake wote waliokuwa wamebaki uani, huyu mtoto nilimnyonga kwa rozari, karibu nimrudishe kwao Ijumbi kwa ajili ya aibu yangu. Nikamgeukia nikamwambia, nisamehe.

Yule kisiki wako, Mutembei, alinitazama usoni. Akasema, "Bibi, tangu Alhamisi Kuu mpaka mwezi wa tano nimemdanganya mama yangu kila siku kwamba mambo ni mazuri. Wewe ulikuwa unajua. Ulikuwa unajua na ulikaa tu."

Wanawake wakaanza kuguna. Edvina akamwambia, shika adabu, unasema na mtu mzima. Nikamwambia Edvina anyamaze. Nikamwambia Yuster, sema tena, kuna walioko nyuma hawakusikia. Akasema tena, kwa sauti. Neno kwa neno.

Nikampakulia. Alikula. Sahani nzima, akaongeza.

Hajaniambia kama amenisamehe. Amesema Jumamosi ijayo atakuja kuangalia machipukizi, yale yatakayoota yakiwa na ugonjwa yakatwe mapema. Nimemwambia aje, na aje bila wewe.

Bibi yako,
Paskazia